Kesho Yake Musa Akaketi Kuamua

Somo: Kutoka 18:1–27

Tumezoea kuisoma sura hii kama somo la uongozi, tukakimbilia wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, huku tukiipita haraka mistari ya mwanzo inayotueleza ni nani waliofuatana na Yethro kwenda jangwani. Alikwenda na binti yake Sipora, mke wa Musa, pamoja na wana wao wawili, Gershomu na Eliezeri. Musa na mkwewe wakasalimiana, wakasimuliana matendo ya Bwana, chakula kikaliwa mbele za Mungu. Na kesho yake Musa akaketi kuwaamulia watu mashauri yao tangu asubuhi hata jioni.

Sura haimtaji tena Sipora, nami sitamtilia maneno kinywani. Aliyesema ni baba yake, aliyeona watu wamesimama kutwa nzima, akamwambia Musa waziwazi kwamba jambo alifanyalo si jema na kwamba litamchosha yeye pamoja na watu wake. (Kwa desturi zetu, mkwe hasemi hivyo ila pameharibika.) Musa alikuwa na jibu la kiroho kabisa: watu humjia ili wamwulize Mungu. Ndilo jibu letu pia, sisi tunaotoka mazoezi ya kwaya tukaingia kikao cha kamati ya ujenzi, tukifika nyumbani watoto wamekwisha kulala.

Yethro hakumshauri aache kazi, bali alimpa utaratibu. Kwanza awafundishe watu amri na sheria, maana anayeijua sheria hana haja ya kupanga foleni kwa kila ugomvi. Kisha achague watu wa kweli, wamchao Mungu, wanaochukia mapato ya udhalimu, ili neno gumu limfikie yeye na lililo dogo walikate wenyewe. Tena aliwafikiria hata wale waliokuwa wakingoja: nao watakwenda mahali pao kwa amani.

Wiki hii, kabla ya kushika simu asubuhi, tuombe, kisha tuandike kazi za siku na kutia alama zile ambazo mwingine anaweza kuzifanya. Mweka hazina ambaye hajawahi kumwonyesha msaidizi wake namna ya kujaza daftari la michango aanze Jumapili hii, mara baada ya ibada, hata kama kumfundisha kutachukua muda mrefu kuliko kulijaza mwenyewe.