Wiki yangu ya tatu Cape Coast

Nimezaliwa Mombasa, upande wa Kisauni, na bahari niliijua kabla sijajua kusoma. Siku nilipofungua wito wangu wa umisionari na kuona nimepangiwa Misheni ya Cape Coast, Ghana, kitu cha kwanza nilichotafuta kwenye simu ni ramani. Nikaona mji wenyewe uko ufukweni kabisa. Nikamwita mama aliyekuwa jikoni: "Mama, kuna bahari!" Wakati huo sikujua kwamba mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho haruhusiwi kuogelea. Miaka miwili nitaishi na maji ya chumvi mbele ya macho, na siyaingii.

Wengi wanatujua kwa jina la Wamormoni. Vijana wa kiume tunaweza kwenda misheni kuanzia miaka 18, tunatumikia miezi 24, na hatulipwi mshahara. Huchagui nchi, wala huchagui mwenzi. Mwenzi ni yule mmisionari unayepangiwa kukaa naye, kula naye na kutembea naye, na hampaswi kutengana isipokuwa chooni na bafuni. Wangu alikuwa Mzimbabwe, mrefu, mpole, mwenye miezi 14 kazini. Mimi nilikuwa nimetoka kituo cha mafunzo cha Accra majuzi tu, nina miaka 20. Nataka kueleza wiki ya tatu, kwa sababu ndiyo wiki ambayo nusura nirudi nyumbani.

Wiki yetu ilianza Jumatatu, siku ya matayarisho. Asubuhi tulifua. Mashati meupe matano, kwa mkono, na mafuta ya mawese yakishaingia kwenye shati jeupe ni kazi ya nusu saa peke yake. Kisha soko la Kotokuraba, kunyoa, kupanga nyumba, na ikifika saa kumi na mbili jioni tunavaa tai tunarudi kazini. Katikati ya hayo yote kulikuwa na simu. Zamani mmisionari alipiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Tangu Februari 2019 tunaruhusiwa kila wiki. Kwetu Ghana saa nane mchana, Mombasa saa kumi na moja jioni, na mama wakati huo yuko kwenye karai lake la viazi pale nje. Nilikuwa nasikia mafuta yakilia. Nilikuwa nasikia mteja akimwambia, "Nitilie na ukwaju." Mama akauliza, "Unakula, mwanangu?" Nikasema nakula. Asubuhi nilikuwa nimekula koose, na koose ni bajia za kunde hasa, kama za kwetu, na ndizo zilizonitia uchungu zaidi. Simu ilipokatika nilikaa kitandani muda mrefu nikiwa nimeishika.

Jumanne asubuhi ni baraza la wilaya, wamisionari wachache wa eneo moja wanakutana kanisani kujifunza na kupanga. Tukitoka hapo, mwenzi wangu alipenda kupita ufukweni. Alishajua kitu ambacho mimi nilikuwa sijakijua: Wafante, wenyeji wa pwani hii, hawaendi kuvua siku ya Jumanne. Ni mwiko wa tangu enzi za mababu, bahari inaachwa ipumzike. Kwa hiyo Jumanne mitumbwi yote iko mchangani, ile mikubwa iliyochongwa kwa gogo moja na kupakwa rangi kali, na wavuvi wamekaa kivulini wanashona nyavu. Siku nyingine huwapati. Jumanne wapo, na wana muda wa kuzungumza.

Tulimkuta mzee mmoja na mjukuu wake. Wavu wao ulikuwa umechanika vibaya, tundu linalopitisha mtu. Mwenzi wangu alianza salamu zake za Kifante, akaomba nafasi ya kusema machache juu ya Yesu Kristo. Yule mzee akajibu bila kuinua macho, na mjukuu akatafsiri: "Nana anasema mikono yake ina kazi." Nana ni neno lao la heshima kwa babu. Mwenzi wangu akashukuru, akageuka kuondoka. Mimi nikabaki nimesimama. Nilikuwa naangalia ile sindano ya wavu. Babu yangu alikuwa mvuvi, na likizo za shule nilizimaliza nikimshonea jarife lake. Nikauliza kama naweza kusaidia.

Nikatupa tai begani, nikapiga magoti mchangani na suruali yangu ya kazi. Kwanza nikasafisha ukingo wa tundu, nikikata nyuzi zilizolegea hadi kila jicho libaki na miguu yake sawasawa, maana ukianza kushona juu ya uzi mbovu utarudi kufumua. Kisha nikapitisha sindano ndani ya jicho la juu, nikashuka, nikabana kwa kidole gumba, nikazungusha nyuma, nikavuta. Fundo likashika. Lilikuwa fundo lile lile la babu. Nilishona macho kama kumi ndipo nikagundua kuwa mzee ameacha kushona, ananitazama vidole.

"Nani kakufundisha?"

"Babu yangu. Kenya, Mombasa."

Akauliza jina langu, nikamwambia. Hakuridhika nalo. Akauliza, "Umezaliwa siku gani?" Kwa Wafante na Waakani wote mtoto hupata jina la siku aliyozaliwa: wa kiume wa Jumapili ni Kwesi, wa Alhamisi ni Yaw, wa Ijumaa ni Kofi. Nikacheka kwa furaha, kwa sababu pwani yetu imejaa kina Juma na kina Khamisi. Nikatoa simu nitafute kalenda ya mwaka niliozaliwa. Mzee akatikisa kichwa, akasema neno kwa mjukuu wake.

"Nana anasema jambo hilo haliulizwi simu. Muulize mama yako."

Nikasema nitaongea naye Jumatatu. Akasema basi, njoo Jumanne uniambie. Mwenzi wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa mtumbwi, na baada ya muda naye akaja kushika upande wa pili wa wavu ili unyooke barabara nipate kushona. Tuliondoka saa kumi jioni. Mahubiri hatukutoa.

Jumatano sina cha kueleza sana. Tuliamka saa kumi na mbili na nusu kama kawaida, mazoezi, kujisomea, kusoma pamoja, saa nne tuko barabarani. Tulifundisha familia moja, wakatukaribisha kenkey ya Kifante iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Ni unga wa mahindi uliochachuliwa. Ukiwa umelelewa na ugali, ule uchachu unakuchukua muda kuuzoea.

Alhamisi ndiyo iliyonivunja. Tulikuwa na miadi minne, na yote ilikufa. Wa kwanza hayupo, wa pili yupo ila mtoto katumwa kusema hayupo, wa tatu amehama, wa nne alisahau. Kati ya wa tatu na wa nne tulikutana na mwalimu mmoja karibu na Ngome ya Cape Coast. Alituuliza kwa upole kabisa. Akanyoosha kidole kwenye ngome, akasema, "Mle ndani Waingereza walikuwa na kanisa juu ya chumba walimofungiwa watumwa wanaume. Watu wanaimba juu, watu wanakufa chini. Nanyi kanisa lenu liliwanyima watu weusi ukuhani. Wewe kijana wa Kiafrika unabeba nini mkononi?"

Nimekulia karibu na Kengeleni, pale Frere Town walikowekwa watumwa waliokombolewa katika karne ya 19. Swali lile halikunijia kama habari ya kitabuni. Nilimwambia ukweli: ndiyo, wanaume weusi hawakupewa ukuhani hadi Juni 1978, na mwaka 2013 Kanisa lilichapisha maelezo likikana nadharia zote zilizokuwa zikitumiwa kuhalalisha jambo hilo. Nikamwambia pia habari za Joseph William Billy Johnson, Mghana aliyeanza kuhubiri Kitabu cha Mormoni, maandiko yetu tunayosoma pamoja na Biblia, mwaka 1964, akakusanya waumini bila mmisionari, bila ubatizo, akangoja miaka 14 hadi wamisionari walipofika mwishoni mwa 1978. Nikamwambia kuwa Juni 1989 serikali ya Ghana ilisimamisha shughuli za Kanisa hadi Novemba 1990, na waumini wakasali majumbani mwao. Imani ile haikuwa mali ya wageni. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Alingoja miaka 14. Haikupaswa angoje hata siku moja." Akanipa mkono, akaenda zake.

Nilikubaliana naye, na bado nakubaliana naye. Lakini usiku ule sikuwa na pa kuweka mzigo ule. Nilitoa sanduku chini ya kitanda, nikaanza kukunja mashati. Ninasema wazi kwa sababu najua kuna vijana wanaofika hapo wakadhani wao peke yao wamefika. Mmisionari hafungwi. Ukitaka kurudi unamwambia rais wa misheni, na safari inapangwa.

Mwenzi wangu hakusema kitu. Alikwenda jikoni, nikasikia akitwanga. Sisi chai na kahawa hatunywi, kwa hiyo alichemsha tangawizi, akaiweka asali, akaleta vikombe viwili na kukaa sakafuni. Tukanywa. Mwisho akauliza, "Ulishamuuliza mama yako ulizaliwa siku gani?"

"Bado. Hadi Jumatatu."

"Yule mzee anangoja jibu."

Ni hilo tu alilosema. Hakunisomea aya, hakunikumbusha ahadi zangu, na namshukuru hadi leo. Nilirudisha sanduku mahali pake. Niliamua kufika Jumatatu, na baada ya Jumatatu kufika Jumanne. Umbali huo niliuweza.

Ijumaa tulibadilishana wenzi kwa siku moja na wamisionari wengine. Jumamosi Ghana ni siku ya mazishi, mji mzima umevaa nguo nyeusi na nyekundu, na sisi tulibeba viti vya plastiki kwa jirani aliyefiwa tangu asubuhi. Jumapili nilibariki sakramenti, mkate na maji. Katika wote tuliowaalika wiki nzima hakuja hata mmoja. Nilishangaa kuona siumii kama nilivyodhani.

Jumatatu, saa nane mchana. Karai linalia.

"Mama, nilizaliwa siku gani?"

"Ijumaa."

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeshindwa kujizuia, nimeangalia kalenda. "Mama, simu inasema Alhamisi."

"Hiyo simu ilikuwepo?" Akawaambia wateja wangoje. "Umezaliwa saa tano usiku, magharibi imeshapita zamani. Usiku huo ni wa Ijumaa, si wa Alhamisi. Babu yako alikuja na kanzu yake akitoka msikitini, akakushika, akataka uitwe Juma. Baba yako ndiye aliyekataa." Nilikuwa sijawahi kusikia habari hiyo. Babu alikuwa Mwislamu hadi kufa kwake, na nilishona nyavu zake miaka yote ile bila kujua kuwa alishanipa jina. Mama naye akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani nani anataka kujua?"

Nikamweleza yote, hata sanduku. Hakulia. Aliniambia nisimwache mtu mzima akingoja.

Jumanne tulipotoka barazani tulikwenda moja kwa moja ufukweni. Mitumbwi iko juu, bahari tupu. Mzee alikuwa pale pale na wavu mwingine. Nikampa heshima yake, nikakaa mchangani, nikamweleza kupitia kwa mjukuu: kalenda inasema Alhamisi, mama anasema Ijumaa, kwa sababu kwetu jua likizama siku imeshageuka.

Alifikiri, sindano ikiwa mkononi.

"Mama yako ndiye aliyekuwepo," akasema. Kisha akanisogezea ukingo wa wavu. "Kofi. Anzia hapa."