Pasi ya mkaa na shati jeupe la shule

Siku hizi mtu anachomeka pasi ukutani, dakika mbili katoka zake, sawa, ila shati lililopigwa na pasi ya mkaa lilikuwa kitu kingine kabisa na hapo hamnitoi.

Kwetu Kilimanjaro, huko migombani, nguo zilifuliwa Jumamosi mferejini. Maji ya kunywa yanachotwa alfajiri kwanza kabla mtu hajamwaga povu, jua likitoka ndio mnashuka na makarai na mche wa sabuni. Shati jeupe linafuliwa peke yake, kola inafikichwa mpaka vidole vinauma, linasuuzwa, halafu maji ya mwisho yanatiwa bluu. Bluu inafungwa kwenye kitambaa, unaitikisa kidogo tu ndani ya karai, ikizidi nguo inatoka na mabaka. Nguo nyeupe ikifuliwa sana inaingia unjano, sasa ile bluu ndio inaufunika na jicho linaona weupe. Ukitaka kola isimame unachovya na kwenye uji mwepesi wa unga wa muhogo.

Jumapili jioni sasa ndio pasi. Lichuma zito, mpini wa mbao, mbele kuna kajogoo ka kufungia kifuniko. Makaa yanawashwa nje mpaka yawe mekundu yasitoe moshi, unayajaza, unafunga jogoo, unasimama uani unaibembeza pasi mbele na nyuma ili upepo uingie kwenye matundu ya pembeni na moto ukolee. Mama alikuwa analamba kidole anaigusa haraka, tsss, anajua kama ni ya shati au ya kaki. Halafu kabla haijagusa nguo anaipitisha kwenye jani bichi la mgomba, masizi yanabaki pale na pasi inaanza kuteleza, na ile harufu ya jani lililoungua kidogo jamani, naipenda mpaka leo.

Uzuri wake ni uzito. Hukandamizi, unaielekeza tu na chuma kinafanya kazi, sketi ya marinda unapanga rinda moja moja na mpaka Jumatano bado yamesimama. Wasiokuwa na pasi walikuwa wanakunja suruali wanailaza chini ya godoro na asubuhi ina mstari.

Mmarekani Henry Seely alisajili pasi ya umeme 1882 huko New York, sisi umeme umetukuta watu wazima.

Kitu kimoja nasisitiza kwa wanaoitumia bado, msiipigie chumbani mmefunga madirisha. Makaa yanatoa kaboni monoksidi, haina harufu na inaua kweli, mama alipigia barazani hata mvua ikinyesha.

Ya kwetu ipo bado, umeme ukikatika Desemba ndio tunaitoa, na tafuteni mkaa wa mti mgumu maana ule mwepesi unaisha haraka na majivu yake yote yanaruka kwenye shati.