Sahani Moja Imelala

Nimejaribu siku sita kulisahau neno la Mjomba, nami nimeshindwa. Arobaini ya mama imepita salama, kaka amekwisha kurudi Muscat, na kazini nimekabidhiwa hesabu za tawi zima. Yote hayo nimeyapokea kama salamu za njiani, ilhali neno lile moja nalala nalo na kuamka nalo.

Mjomba alikuwa na duka Pangani, la mizani ya sahani mbili. Baada ya kisomo niliwasomea jamaa tarbia niliyomtungia mama, shairi la mishororo minne kila ubeti, beti tano, nao wakaniombea dua. Yeye alikuwa akigonga goti kwa kidole. Nilipompelekea kahawa akaniambia taratibu, "Mwanangu, mshororo wako wa kwanza sahani moja imelala." Nikajitetea, "Lakini Mjomba, mizani ni 16, nimehesabu silabi zote." Akasema, "Zimo zote, ila umempunja wa kushoto ukamzidishia wa kulia," kisha akanywa kahawa yake.

Na mimi ndiye mhasibu!

Mshororo wenyewe ulikuwa huu: "Nakukumbuka mama, jikoni ukipika uji." Usiku ule nilijidanganya kwamba ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, una mizani 8, kwa kuwa niliihesabu "m" ya "kumbuka" peke yake kama ilivyo katika "mtu", ambalo ni m-tu, kumbe hapo "mbu" ni silabi moja tu. Ukwapi una 7 na utao, nusu ya pili, una 9. Jumla ni sahihi lakini uzito umekosewa, na ukiuimba utasikia kina cha kati, ile silabi inayofunga ukwapi, kikifika kabla ya zamu yake.

Juzi nikaketi kuurekebisha, kwa hasira zaidi kuliko kwa mapenzi. Inkisari, yaani ufupisho wa neno, ya kwanza iliyonijia ilikuwa "we mama", nayo ilitimiza 8, ila mama angenichapa kofi kwa hiyo "we". Nikaandika "mamangu". Katika utao nikaitoa silabi moja kwa kugeuza "ukipika" kuwa "wapika". "Nakukumbuka mamangu, jikoni wapika uji." Nane kwa nane. Nikausoma kwa sauti, nikashtuka, kwani "ukipika" lilikuwa limemwacha mama katika siku zilizopita, na "wapika" limemrudisha jikoni sasa hivi, chungu kikiwa motoni. Sikukusudia hivyo, nilikuwa natafuta silabi ya kupunguza tu. Nilikaa na kalamu mkononi hadi adhana ya alfajiri, nikiwa na furaha ambayo sikuitarajia mwezi huu.

Sasa kina cha kati kimetoka "-ma" kimekuwa "-ngu", kwa hiyo mishororo mingine ya ubeti ule itabidi niivunje. Nina "fungu", nina "mbingu", na nina "chungu", ambalo laweza kuwa chombo cha uji au ladha ya dawa.

Mjomba sijamwambia. Na bati la jiko la mama, lile la upande wa baharini, limeng'oka msumari. Upepo ukivuma usiku nalisikia likigonga, na tangu Jumatatu fundi ananiambia kesho.