Siku moja maishani mwangu: kuwatembeza wageni kwenye misonobari ya Albany majira ya baridi

Saa 12:30 asubuhi. Nje bado giza, nyuzi 11 chini ya sifuri. Usiku theluji imeanguka kidogo, nami nimefurahi, kwa sababu theluji changa huonyesha nyayo vizuri.

Saa 2:00. Nafika hifadhi ya Albany Pine Bush, jimbo la New York, na kupita njiani peke yangu kabla ya wageni. Sungura amekatiza, koyoti, mnyama wa jamii ya mbwa mwitu, amemfuata nyuma, kisha nyayo zao zinaachana. Kelele za barabara kuu zinasikika, maana mji umeibana hifadhi hii. Tume inayoisimamia iliundwa mwaka 1988, na bila hiyo sidhani kama kungebaki kitu cha kutembelea.

Saa 4:00. Wageni wamefika, wakiwemo baba mmoja wa Kikongo na wanawe wawili. Nawafunga viatu vya theluji, tunaondoka.

Naanza na ardhi. Chini ya theluji ni mchanga mtupu. Mwisho wa enzi ya barafu palikuwa na ziwa kubwa hapa. Lilipokauka, upepo ukaurundika mchanga wake kuwa vilima. Maji hayakai, rutuba ni haba, na moto umepita mara nyingi. Msonobari wa hapa una sindano tatutatu na gome nene. Ukiungua, machipukizi hutoka kwenye shina lenyewe. Wengi wetu tunaijua misonobari ya mashamba kama Sao Hill kule Tanzania, iliyopandwa kwa mistari, asili yake Meksiko. Hii ya hapa imejiotea, imepinda kila upande, na mimi naiona mizuri kuliko ile iliyonyooka.

Saa 5:00. Kwenye mialoni mifupi nawaomba wapekue vijiti. Mtoto mdogo ndiye anayekiona: kijiti kimevishwa pete ya mayai, yamepangwa kwa mzingo, yamebanana. Ni mayai ya nondo anayeruka mchana mwezi Oktoba. Yatakaa hapo, upepo na barafu, hadi majira ya kuchipua.

"Na vipepeo wako wapi?" anauliza kaka yake.

Wako chini ya miguu yetu, kwa hiyo tusitoke njiani. Kipepeo wa bluu wa Karner, aliyewekwa kwenye orodha ya serikali kuu ya viumbe walio hatarini mwaka 1992, hutaga Julai mayai yanayoanguliwa Aprili mwaka unaofuata. Theluji inayakinga na baridi kali. Viwavi wake hula majani ya lupini ya porini tu, mmea wa jamii ya kunde, na lupini inataka jua.

Ndiyo maana tunachoma. Baba yao anasimama kabisa. "Dada, mnamlinda kwa kumchomea nyumba?"

"Ndiyo, baba, ila chumba kimoja kimoja." Namweleza kwamba tangu miaka ya 1990 hifadhi huchoma kipande hiki, ikaacha kile, baada ya kupima upepo na unyevu ili moshi usiende barabarani. Pasipochomwa, vichaka hufunga, lupini hukosa jua, na kipepeo naye hutoweka. Anatikisa kichwa, anasema kwao moto ukionekana porini watu hukimbia na matawi kuuzima. Kwao wana haki. Msitu wa mvua haukuzoea moto kama huu.

Saa 6:00 mchana. Nakata shina kavu la mmea wenye kinundu cha mviringo, nakipasua kwa kisu. Ndani amelala buu wa nzi, mweupe, kama punje ya mchele. Mwili wake una gliseroli, kimiminika kizito kama sharubati, inayomwezesha kuganda bila kufa. Kinundu cha jirani kina tundu safi la kigong'ota aliyetangulia. Watoto wanampokezana buu kiganjani, nami nawaharakisha, maana joto la mkono halimfai.

Saa 8:00. Chai, soksi kavu, kuandika nyayo na mayai tuliyoyaona.

Saa 9:30. Kikao na kikosi kinachochoma vipande vya hifadhi. Kilima kile cha pete ya mayai kimo kwenye mpango wa kuchomwa. Nimewaomba wabakize ukingo wake wa mialoni, nao wamekubali kwenda kuukagua nami Jumatatu.