Ukitoka kwetu, shaka hukutangulia darasani

Leo kwenye semina ya nyota za nyutroni, yale mabaki mazito ya nyota kubwa zilizolipuka, mwanafunzi mwenzangu kaniuliza, mbele ya watu, kama kazi niliyowasilisha nimeiandika mwenyewe, "maana insha nyingi huandikiwa huko kwenu." Neno hilo limenikaa kooni.

Biashara hiyo ipo, sitaikana. Wapo vijana wenye digrii zao wanaowaandikia wanafunzi wa huku kwa malipo. Lakini kila insha iliyouzwa ina mnunuzi, na mnunuzi yuko huku. Hapa England sheria ya 2022 inamshika anayeuza na anayetangaza huduma hiyo. Mwanafunzi aliyenunua hashikwi na sheria hiyo, kosa lake huachiwa chuo chake. Kwa nini basi niulizwe mimi?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba semina hii naipenda kwa ukweli wake. Msimamizi anakukatiza katikati ya slaidi: huu mchoro ni wa nani? Kipimo hiki kinaweza kukosea kwa kiasi gani? Na ana haki. Nyota ya nyutroni ina tungamo kuzidi Jua letu, imebanwa ndani ya kipenyo cha kilomita 20 na ushee, na hakuna atakayekwenda kuchota kipande chake akipime. Tunategemea mapigo ya redio, eksirei na, tangu tarehe 17 Agosti 2017, mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga na wakati wenyewe, ya nyota mbili kama hizo zilizogongana. Mtu akificha shaka kwenye hesabu zake, wenzake watajenga juu ya uongo miaka na miaka.

Hapo ndipo namkumbuka mwanaastronomia Andrew Lyne. Mwaka 1991 yeye na wenzake wa Jodrell Bank, kituo cha darubini za redio hapa England, walitangaza sayari inayozunguka pulsa, yaani nyota ya nyutroni inayojizungusha na kutuletea mapigo ya redio. Baadaye akagundua mwenyewe kuwa mwendo wa Dunia kulizunguka Jua haukuondolewa sawasawa kwenye hesabu, na sayari ile haikuwapo. Januari 1992, mkutanoni Atlanta, alisimama akawaambia wanaastronomia hivyo hivyo, bila kuzunguka. Walisimama wakampigia makofi. Kila nikiisoma habari hii najivunia kuwa kwenye fani hii.

Ila fani hiyo hiyo ilimwacha Jocelyn Bell. Alikuwa mwanafunzi alipoziona alama za pulsa ya kwanza mwaka 1967, na Nobeli ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Kumbe hata wapimaji hodari hukosea wakianza kupima watu.

Wadogo zangu mnaojiandaa kuja, tunzeni rasimu zote zikiwa na tarehe. Ukitumia mchoro, taja aliyeuchora, hata akiwa ni msimamizi wako. Aya uliyoiandika kwenye kazi ya zamani ukiirudisha kimyakimya, nayo ni kosa. Na lile la kumpa mwenzio majibu "aangalie tu" liacheni kabisa. Kwetu ni utu, huku mtaitwa wote wawili mbele ya kamati.

Chuo kimetusainisha tamko la uadilifu tangu wiki ya kwanza, kurasa nzima za wizi wa kitaaluma. Nimelipitia tena jioni hii mstari kwa mstari. Hakuna popote panapomkataza mtu kumtuhumu mwenzake bila ushahidi. Kesho namwandikia mkuu wa idara, kwa jina langu, nikitaka kipengele hicho kiongezwe.