Siku ya Kimbunga Kenneth na kaunta buku langu

Aprili 25, 2019 Mtwara ilikuwa kimya sijawahi kuona. Shule zimefungwa, maduka yamefungwa, watu wa mabondeni wameambiwa wahame, Kimbunga Kenneth kinakuja. Mama alikuwa amekuja mjini kutoka shamba Nanyamba, akakwama kwangu Chikongola, tukajifungia ndani wawili na sufuria la korosho za kuchoma.

Mimi nilikuwa na mzigo wangu mwingine moyoni. Desemba nilikuwa nimefanya GMAT Dar, mtihani wa kuombea shahada ya uzamili ya biashara, ada dola 250, hela ya miaka miwili ya kujibana, nikapata 480 kati ya 800. Chuo nilichokuwa nakitamani kilikuwa kinataka 600 na kuendelea. Nilirudi na basi nimeegemea dirisha toka Mbagala, hata pale Nangurukuru wenzangu waliposhuka kula sikushuka.

Sheria yao unaruhusiwa kurudia baada ya siku 16 ila mfuko wangu ulikuwa unasema miezi minane. Kozi za mtandaoni zilikuwa mamia ya dola, sikuzigusa. Nilikuwa na kitabu cha mitumba, bando la usiku, na yale majaribio mawili ya bure wanayotoa wenyewe watunga mtihani, moja nilishalitumia kabla ya Desemba, la pili nikalificha la mwisho kabisa. Kingine ni kaunta buku. Kila swali nililokosa naliandika na sababu yake, sijui hesabu, nimesoma vibaya, au muda umenila.

Siku ile ya kimbunga ndo nikakaa kuyahesabu makosa. Yalikuwa 64, na 41 ni ya aina moja, data safishensi, yale maswali unapewa taarifa mbili halafu unaulizwa kama zinatosha kujibu swali. Na nyingi hesabu yenyewe nimepata sawa! Ila swali moja dakika nne, wakati kwenye hesabu ilikuwa maswali 31 kwa dakika 62. Ndo maana Desemba muda uliisha nimebakiza maswali sita, na GMAT ukiacha maswali mwishoni inakukata vibaya sana.

Mama akaniuliza mbona unahema. Nikamtungia moja la kwetu: mkulima kauza korosho zote kwa 3,300 kilo, je kapata zaidi ya milioni? Taarifa ya kwanza, alikuwa na gunia tano. Ya pili, kila gunia lilikuwa na kilo 80.

Akasema, "Gunia tano peke yake hujui uzito. Kilo themanini peke yake hujui gunia ngapi. Ukiwa nazo zote mbili inatosha."

Nikachukua kalamu nianze kuzidisha, akanishika mkono.

"Mwanangu unazidisha nini? Si wamekuuliza kama inatosha? Kupiga hesabu ni kazi ya karani wa mizani, wewe mwenye mzigo unaangalia tu kama taarifa zimekamilika."

Nilibaki nimeshika kalamu. Miezi yote ile nilikuwa nafanya kazi ya karani, swali halijaniomba jibu mimi nalitafuta mpaka senti ya mwisho. Nikarudia yale 41 bila kuzidisha chochote mpaka nilazimike, mama pembeni anabangua korosho, upepo unapiga bati, kila nikigusa kalamu mapema anagonga meza. Nikapata 33.

Baadaye zikaja habari kimbunga kimepiga Msumbiji, Cabo Delgado. Sisi tukapata mvua na upepo tu. Mama akalia, tuna ndugu kibao ng'ambo ya Ruvuma, nikafunga buku tukashinda tunapiga simu ambazo hazipokelewi.

Agosti nikapanda tena basi. Chumba cha mtihani kina kiyoyozi kikali, mikono imekufa ganzi, ila kila ikija data safishensi naisikia ile meza inagongwa, naweka kalamu chini nasoma upya. Nilimaliza maswali yote 31 na dakika mbili mkononi. Mwisho kompyuta, enzi hizo, ilikuwa inakuonyesha alama hapohapo na kukuuliza unazikubali au unazifuta. 610. Nikakubali, nikatoka nje kwenye jua nikampigia.

"Mama, nimepata mia sita na kumi."

"Inatosha?"

"Inatosha mama."