Na Huyu Je?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juma hili lote nimekuwa nikilirudia swali moja la Petro, lile alilomwuliza Bwana kando ya Bahari ya Tiberia alipogeuka akamwona Yohana akifuata nyuma: "Bwana, na huyu je?" Tunapoihubiri sura ya 21 ya Injili ya Yohana, tumezoea kukaa sana kwenye usiku ule wasiopata kitu na kwenye samaki 153, kisha tunahamia kwenye agizo la kulisha kondoo, na swali hili linaachwa mkiani mwa sura bila mtu wa kulishughulikia. Mimi limenikamata, kwa sababu Jumamosi iliyopita nilishinda ukingoni mwa ziwa nikilibeba moyoni.

Ndugu wa kanisa la Kiingereza wanaotuazima ukumbi wao huwa na mashindano ya kirafiki ya kuvua kwa ndoana, na safari hii walitualika. Kwa asiyeyajua, kila mshindani hupewa kituo kimoja ukingoni, wala haruhusiwi kuhama hadi mwisho. Samaki anaowapata huwahifadhi wakiwa hai katika wavu mrefu uliozamishwa majini, wapate kupimwa uzito saa ya kumaliza na kurudishwa ziwani. Kituo hakichaguliwi. Asubuhi unaingiza mkono katika mfuko, unatoka na namba, na kwa namba hiyo utaishi siku nzima.

Kura yangu iliangukia upande uliopigwa na upepo usoni. Ziwa hilo lilitokana na machimbo ya kokoto, nalo ni pana, na upande wetu haukuwa na kitu cha kuukinga. Upepo ukivuma kwa nguvu juu ya maji ya namna hiyo, maji ya juu husukumwa kwenda upande mmoja na ya chini yakarudi upande wa pili, kwa hiyo boya linavutwa huku na chubwi inavutwa kule, chambo hakitulii, na ufito wenye urefu wa mita kumi na zaidi, ambao unatakiwa kushikwa bila kutikisika, unashika upepo kama tanga. Ng'ambo ya pili, upande wa demani, maji yalikuwa yametulia chini ya miti, na tuliwaona wenzetu wakiinua brimu mmoja baada ya mwingine, samaki wapana wa rangi ya shaba waendao kwa makundi. Kila nilipoinua macho niliona wavu wa mtu mwingine ukijaa, na uchungu ukanipanda.

Kituo cha kushoto kwangu alikaa mzee mmoja wa kanisa hilo, mtu aliyevua tangu utotoni. Ilipofika adhuhuri, baadhi ya waliokuwa upande wetu walikuwa wamekwisha kufunga mizigo yao na kuondoka. Mzee hakuondoka. Aliendelea kutupa funza wachache wachache mahali palepale, akavuta mshipi, akaurusha tena, wala sikumwona hata mara moja akitazama ng'ambo. Mwisho wa siku alikuwa na pachi mmoja mwenye mistari mwilini na rochi wadogo wa kuhesabika. Wapimaji walipopita, waliobaki wakapunga mkono kuonyesha kwamba hawana cha kupima, jambo ambalo ni la kawaida katika mashindano haya: mtu akiona aibu ya kidogo chake, huwaachilia samaki wake majini kimyakimya na jina lake halipati uzito. Yeye aliuinua wavu, samaki wale wadogo wakawekwa kwenye mizani, uzito ukaandikwa. Nilipomwuliza kwa nini anajisumbua, alinijibu kwamba kwenye karatasi ya matokeo kuna mstari wenye jina lake, na haoni sababu ya kuuacha mtupu.

Jibu hilo limekaa nami juma zima. Anayeutazama sana wavu wa mwenzake haishii kuhuzunika tu. Hufika mahali akakataa kuupeleka wa kwake kwenye mizani. Katika mfano wa Yesu wa watumwa watatu walioachiwa fedha za bwana wao, talanta tano, mbili na moja, mtumwa wa talanta moja hakupoteza kitu, aliificha. Na tazameni kwamba bwana wao aliwagawia "kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake", kisha yule wa mbili akasifiwa kwa maneno yaleyale aliyosifiwa yule wa tano. Hata waandaaji wa mashindano makubwa ya uvuvi huligawa ziwa katika sehemu, mtu ashindanishwe kwanza na majirani zake, kwa kuwa wanajua si haki kumpima aliye kwenye upepo kwa kipimo cha aliye kwenye kivuli. Je, Bwana aliyempangia kila mmoja wetu kituo chake asijue upepo unaovuma pale?

Niruhusuni niseme kwa ukali kidogo, kwa kuwa nawapenda. Wapo miongoni mwetu walioacha kutoa ushuhuda katika ibada, walioacha kwaya, walioacha hata sadaka, kwa sababu waliokuja nao nchi hii siku moja sasa wana nyumba na makaratasi kamili, na wao bado wanahangaika. Ndugu yangu, dada yangu, ni nani aliyekuambia kwamba kidogo chako hakipimwi? Mimi nilikuwa mwalimu nyumbani, na wanafunzi wenzangu wa chuo leo ni wakuu wa shule. Hapa ninawageuza wazee vitandani usiku. Kwa miaka mingi niliona kazi hiyo ni kituo cha adhabu. Kisha bibi mmoja aliyekuwa karibu na mauti akaniomba nimsomee Zaburi kila zamu yangu, na alipolala, watoto wake, ambao hawakuwa watu wa kanisani, waliniomba niombe kaburini. Hakuna mkuu wa shule aliyepewa nafasi ile. Nilipewa mimi.

Nanyi mlio upande wa demani, msidhani utulivu wa maji yenu ni ustadi wa mikono yenu. Mvukieni mwenzenu aliye kwenye upepo, mkae naye.

Daudi aliimba, "Wewe unaishika kura yangu. Kamba zangu zimeniangukia mahali pema," na Zaburi hiyo hiyo ya 16 inaanza kwa kilio cha kuomba hifadhi. Hakuwa mahali patulivu alipopaita pema. Na Petro naye hakupewa maelezo ya Yohana ataishi vipi, aliambiwa, "Imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi."

Jumatano, katika maombi yetu ya jioni, naomba kila mmoja aje na jina la mtu ambaye amekuwa akijilinganisha naye. Tutawaombea watu hao baraka kwa majina yao, mmoja mmoja, bila haraka. Baada ya hapo tutampa nafasi yeyote aliyenyamaza muda mrefu asimame aseme alichopata mwaka huu, hata kama ni kidogo, nasi tutakisikiliza mpaka mwisho.